Betri ya Bwana Dhamana

Mwanamke alikuwa amesimama mbele ya drili katika duka la vifaa vya ujenzi, mkono kiunoni, anazikagua kama mtu anayemtafutia binti yake mchumba. Bwana Dhamana, aliyekuwa upande wa pili akijifanya anachagua bawaba, alimwona na moyo wake ukachangamka.

Watu walimwita Dhamana kwa sababu alitoa dhamana kwa kila kitu alichouza. Kitu pekee ambacho hakukitolea dhamana ni anwani yake.

Mwanamke akachomoa drili ya kijani kutoka kwenye mkoba wake, akaiweka juu ya kaunta.

"Nataka betri ya hii. Mashine yenyewe ni nzima."

Muuzaji hakuigusa hata kwa kidole. "Betri peke yake haziuzwi siku hizi, mama. Nunua drili mpya, inakuja na yake."

"Kwa hiyo nikiishiwa chumvi ninunue jiko?"

"Ndio utaratibu."

Akatazama bei ya drili mpya, akaguna, akarudisha ya kwake mkobani na kutoka. Dhamana akaziacha bawaba.

"Dada, samahani. Nimekusikia kwa bahati mbaya."

Kusikia kwa bahati mbaya ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu asubuhi mpaka jioni.

Akaomba kuiona ile drili. Akaigeuza, akainusa, akaikwaruza kwa ukucha. "Nani aliyekuuzia hii?"

"Aliuziwa wifi yangu. Mtu wa barabarani tu."

"Pole yake. Hebu ona rangi hii, imepigwa juu juu kuficha kutu. Mhuni mkubwa huyo! Watu kama hao ndio wanaotuchafulia jina sisi wafanyabiashara."

Alisema kwa uchungu wa kweli. Alikuwa amesahau kabisa kwamba rangi ile aliipiga mwenyewe, uani kwake, akiwa amevaa kaptula.

"Ungemkuta ungemfanyaje?" mwanamke akauliza.

"Ningemkunja shati, dada yangu. Mbele za watu."

"Vizuri," akasema mwanamke, akamtazama shati kwa makini. "Na wewe unayo drili ya kuuza?"

Alikuwa nayo, ndani ya begi lake. Hapa inabidi tueleze kazi ya bwana huyu, maana ilikuwa ya ufundi. Alikusanya drili kuukuu zenye mota nzima ambazo wenyewe walizitupa kwa kukosa betri, akazipaka rangi zing'ae. Kisha akatengeneza betri. Yaani, alichukua magamba ya betri zilizokufa, akayajaza saruji, akayapima kwenye mizani mpaka uzito ulingane na wa betri ya kweli, akayafunga kwa skrubu zake zilezile. Ilikuwa kazi safi. Angeielekeza kwenye jambo halali, angekuwa na nyumba ya ghorofa.

Betri nzima alikuwa nayo moja tu. Hiyo ndiyo iliyozungusha drili mbele ya mteja, na mteja akigeuka kufuata pesa, Dhamana aliichomoa na kuchomeka ya saruji. Kisha alimwonya mteja aichaji usiku kucha na asiiguse mpaka asubuhi. Kufikia asubuhi, Dhamana alikuwa mtaa mwingine. Bila betri ile hakuwa na duka, hakuwa na kazi, hakuwa na chochote ila maneno.

"Mimi sinunui kitu barabarani," mwanamke akasema. "Twende nyumbani ukaijaribu ukutani kwangu."

Dhamana akakubali haraka. Mteja anayekupeleka nyumbani amekwisha kununua, anachotafuta ni kiti cha kukaa akilipa.

Nyumbani, kitu cha kwanza kilichompokea kilikuwa maumivu. Mlango wa jikoni ulikuwa umezuiwa usijifunge kwa kitu kizito kilichovikwa soksi, naye akakipiga teke kwa kidole gumba cha mguu.

"Pole, mwanangu," akasema bibi aliyekaa sebuleni, mama mzazi wa yule mwanamke mwenye nyumba. "Hicho kinamuumiza kila mtu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mashine? Haya, toboa tuone. Mimi nataka kujua kama inaweza zege. Za siku hizi zinatoboa mkate tu."

Dhamana akawasha. Drili ikanguruma, vumbi likaruka, tundu likatokea juu ya dirisha, la mviringo na safi.

"Tundu moja linaweza kuwa bahati," akasema bibi.

Akatoboa la pili. Mwenye nyumba akasema kwa kuwa matundu yapo tayari, si vibaya kuona kama yanabeba fimbo ya pazia. Yakabeba. Akauliza kama drili ina nguvu ileile mtu akiwa juu ya ngazi, kwa sababu yeye kazi zake nyingi ziko juu. Dhamana akapanda ngazi. Akauliza kama inaweza vigae bila kuvipasua, akampeleka bafuni. Kioo kikapata mahali pake. Akauliza kuhusu mbao. Rafu ya jikoni, iliyokuwa imeegemea ukuta tangu siku iliponunuliwa, ikapanda juu.

"Mwanangu, upande wa kushoto umeshuka," akasema bibi, ambaye alikuwa anafuata na kiti chake kila chumba.

"Mama, mimi nauza drili, si fundi wa rafu."

"Ndiyo maana imeshuka."

Shati la Dhamana likawa limelowa. Lakini alijifariji: jasho lilikuwa la kweli, ila alichokuwa anakiacha hapa kilikuwa saruji. Hatimaye drili ikaanza kunguruma kwa uvivu.

"Betri imechoka," akasema mwenye nyumba, akaichomoa. "Lete na chaja. Naiweka jikoni nione kama nayo ni nzima. Wewe kazia hizo skrubu za bafuni kwa bisibisi."

"Dada, hakuna haja, chaja na kazi yangu yote nazitolea dhamana, miaka miwili..."

"Kwani umeogopa nini? Chaja mbovu?"

Akakazia skrubu, bibi akimhesabia mizunguko. Baada ya muda mwenye nyumba akarudi, drili mkononi, betri imechomekwa mahali pake.

"Taa ya chaja imewaka. Nimeridhika."

Dhamana akanyoosha kidole kwenye kitufe, aizungushe mara ya mwisho kwa madoido.

"Ukikiwasha tena hicho kitu," akasema bibi, "nakutupia kiti. Kichwa changu kinapasuka."

Akaiacha. Wakaingia kwenye bei, na mwenye nyumba akawa hana huruma. Rangi imechubuka, akasema. Betri inaisha haraka. Rafu imeshuka kushoto. Alishusha mpaka akafika bei ya betri peke yake, akasimama hapo kama nguzo. Dhamana alilia, akataja watoto ambao hakuwa nao, kisha akakubali. Saruji na rangi vilimgharimu nini?

Mwenye nyumba akaenda chumbani kufuata pesa. Bibi alikuwa amefumba macho. Mkono wa Dhamana ukaingia kwenye begi na kutoka, upesi kuliko kupiga chafya: betri ikaingia begini, ya saruji ikakaa kwenye drili. Aliyoichomoa ilikuwa baridi kidogo. Akadhani ni jasho la vidole vyake.

"Chaji usiku kucha, dada. Usiiguse mpaka asubuhi."

"Sitaigusa," akasema mwanamke.

Alipotoka, mlango wa jikoni ulikuwa umejifunga. Hakushangaa. Alifurahi tu kwamba kidole chake kilikuwa salama.

Jioni ile, mbele ya mwenye duka la dawa aliyetaka drili ya kutundikia ubao wake, Dhamana akabonyeza kitufe kwa mbwembwe. Kimya. Akabonyeza tena. Mwenye duka akamtazama kwa huruma. Dhamana akarudi kwake na kufanya lile alilowaagiza wateja wake wote: akachaji usiku kucha na hakuigusa mpaka asubuhi. Asubuhi akaifungua kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na saruji ngumu, iliyosawazishwa juu, na katikati yake alama ya kidole gumba. Akaweka gumba lake pale. Likaenea sawasawa.

Alifika kule nyumbani akihema. Mwenye nyumba alifungua mlango akiwa na drili mkononi, inazunguka.

"Dada, betri yangu!"

"Betri yako ipi? Niliyonunua ndiyo hii, uliitobolea nyumba nzima."

"Mlinipa ya saruji!"

"Tulikupa? Mimi niliichomeka kwenye drili niliyokuwa nainunua. Ilifikaje begini mwako?"

Dhamana akalisogeza begi nyuma ya mgongo.

"Ile uliyoondoka nayo ni ya wifi yangu, ndiyo tuliyokuwa tukizuilia mlango," mwanamke akaendelea, bila kupandisha sauti. "Alinieleza maneno yako yote, mpaka ile 'usiiguse'. Drili yake ilikuwa nzima, ilikosa betri tu. Sasa tunazo drili mbili na betri moja, tutaazimana. Nawe nimekulipa bei ya betri, hatudaiani."

Dhamana akatazama chini. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi tena, umezuiwa na saruji yake ya jana, soksi ileile.

"Amekuja kwa ajili ya ile rafu?" sauti ya bibi ikatoka ndani. "Mwambie upande wa kushoto umeshuka zaidi."

"Mimi naondoka zangu," akasema Dhamana.

"Ulisema miaka miwili," akasema mwenye nyumba. "Au nimwite wifi? Yuko uani anaanika nguo. Alikuwa anasema akikuona atakukunja shati."

Uani, mtu alikung'uta shuka kwa nguvu.

Bwana Dhamana akapokea bisibisi. Akaruka kile kitu cha mlangoni kwa uangalifu mkubwa, akapanda ngazi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara, akatimiza dhamana.

"Kaza," akasema bibi, akiishika ngazi. "Bado."