Kompyuta Imesema Mama Mkwe Nimeshampokea

Jamani, leo nimeaibika mbele ya stendi nzima, na sina wa kumlaumu.

Mnanijua nilivyo msahaulifu. Mke wangu amejifungua juzi mtoto wetu wa pili, na leo mama yake alikuwa anatoka Ugalla kuja kumhudumia. Mke akanionya, "Baba Masanja, mama yangu usimsahau stendi."

Nikamjibu, "Kichwa kinasahau, kompyuta haisahau." (Kiburi hicho!)

Asubuhi, pale steshenari kwangu, nikaweka kiprogramu kimoja cha kupanga kazi. Hakina picha wala vitufe, ni dirisha jeusi tu la kuandika amri. Ukiwa na kazi mpya unaandika "ongeza". Ukishaifanya unaandika "maliza" na namba yake, inafutika. Nikaongeza tatu. Ya kwanza, nunua wino wa printa. Ya pili, peleka kadi za harusi kwa mteja. Ya tatu, mpokee mama mkwe saa saba.

Wino nikanunua. Maliza 1. Raha! Kadi nikapeleka. Maliza 2.

Kumbe ukishafuta ya kwanza, zilizobaki zinapanda juu! Namba mbili sasa alikuwa mama mkwe. Nimemfuta kwa kidole changu mwenyewe. Nilipotazama nikaona kadi bado zipo, nikasema huyu kompyuta naye mzito kuelewa. Maliza 1.

Ikajibu: "Huna kazi."

Nikaipiga picha, nikaweka status: "Kazi zote zimeisha. Wanaume tunajipanga." Nikaenda kula wali maharage.

Saa tisa mke akapiga. "Asante mume wangu, nimeona status. Hebu mpe mama simu."

Kijiko kilianguka chenyewe.

Nikarukia bodaboda. Nikamkuta mama amekaa juani juu ya kiroba cha mchele, kuku wa supu ya mzazi amefungwa miguu pembeni yake. Watu walikuwa wamemwambia anipigie, akakataa. Sisi Wasukuma, mama mkwe na mkwewe ni heshima tupu. Hatushikani mikono, hatutazamani usoni, sembuse anipigie kuniuliza niko wapi! Wala binti yake hakumpigia, asije akamsumbua mzazi anayehitaji kupumzika.

Mpiga debe akapaza sauti, "Mkwe mwenyewe huyo! Bosi, tumekulindia mama mpaka kuku kasinzia!"

Stendi yote ikaangua kicheko. Nikachuchumaa mbali, macho chini. "Shikamoo mama."

Akajifunika kanga, akamgeukia mama muuza chai. "Marahaba. Mwambie baba Masanja nimefika salama. Asijilaumu, najua ana kazi nyingi."

Kazi nyingi! Na status yangu bado iko hewani! Nimejuta jamani. Mama wa watu ameamka alfajiri, kabeba mchele na kuku kwa ajili ya mwanangu, mimi natafuna maharage na kujisifu.

Sasa hivi mama yuko ndani na binti yake, mimi nimejificha nyuma ya nyumba na kompyuta mapajani. Ndani yake kuna kazi moja tu: mwombe mama msamaha. Nitaianzaje, na usoni siruhusiwi kumtazama? Msicheke. Anayejua amri yake anitumie.