Kadi Zangu na Flashi za Mama Kanyere

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Namshukuru Mungu, katoni imefika. Kadi za memori mia mbili, kila moja ndogo kama ukucha. Meza yangu hapa Kabondo, Kisangani, imependeza. Ng'ambo ya barabara, mama Kanyere wa Butembo amepanga flashi zenye midomo miwili: mmoja wa kompyuta, mmoja wa simu. Anadai simu mpya hazina tena tundu la kadi. Wivu tu. Kabla ya saa sita nimewaeleza wateja kumi na mmoja kwamba flashi inachoma sauti. Wote wamenisikiliza kwa heshima. Watatu wamevuka barabara kununua flashi.

Jumanne, 2 Septemba

Mama Odile amefika kwa boti kutoka Basoko. Anaongoza kwaya ya wanawake. Nyimbo zao kumi na mbili ziko kwenye kadi aliyoinunua kwangu mwaka jana, na hazipo mahali pengine, maana simu iliyozirekodi ilizama mtoni. Ijumaa redio moja ya hapa mjini itazipiga. Wamemwomba alete flashi. Nimemwambia flashi itaziunguza. Ameogopa sana.

Bon, mpango wangu: kadi iingie kwenye simu yake mpya, zawadi ya binti yake, kisha tuzitume redioni kwa Bluetooth. Nimetafuta tundu la kadi. Nimeona tundu la laini peke yake. Tundu ni tundu. Nimesukuma.

Haikutoka tena.

Jumatano, 3 Septemba

Nimejaribu sindano, wembe, gundi. Gundi haikuwa wazo zuri. Mama Odile hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi langu akaimba polepole wimbo wa kwanza, halafu wa pili, kuona kama bado anazikumbuka. Kwenye wa tano akanyamaza. Aliyeimba sehemu hiyo, akasema, amehamia Yahuma. Kwanga yangu, mkate wa muhogo, ilinishinda kula.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimevuka barabara. Nimemkiria mama Kanyere yote, hata habari ya flashi kuchoma sauti. Hakuacha kukaza skrubu za simu aliyokuwa nayo.

"Papa Zuberi," akasema, "hiyo uongo yako nilisikia siku ya kwanza. Donc, leta simu."

Akaifungua, akaivuta kadi kwa kibano. Pembe moja imepinda. Akaichomeka kwenye kisomeo chake cha kadi, kompyuta ikakaa kimya. Mama Odile alinishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Nyimbo kumi na moja zikatokea. Wa kumi na mbili ulikuja baada ya kuchomoa na kuchomeka mara nne. Mama Kanyere akazinakili zote kwenye flashi, akampa mwenyewe, hakutaka kitu. Nilishukuru mpaka akaniomba nipunguze.

Ijumaa, 5 Septemba

Redio imepiga nyimbo zote. Pale karibu nasi watu wa pikipiki walizima injini wasikilize. Mama Odile akashukuru hewani watu wawili wa Kabondo: mmoja aliyezitoa nyimbo, mwingine, papa Zuberi, aliyetunza kadi nzuri. Ni neema tupu, sikustahili. Baada ya swala nimemwombea mama Kanyere kwa jina lake. Kisha nimewafuata wale wateja kumi na mmoja, mmoja mmoja, kuwaambia flashi haichomi chochote. Watatu walishajua.

Jumatatu, 8 Septemba

Mungu amenifungulia tena. Msafiri mmoja, Glodi, ameniletea kadi za aina mpya kabisa, ndogo kuliko zangu, zenye umbo la laini ya simu. Ameniambia wazi kwamba zinafanya kazi kwenye simu za kampuni moja tu. Nimeuliza hapa Kisangani nani anayo simu hiyo. Akasema bado hajaiona.

Nimechukua mia tatu, niwe wa kwanza. Mama Kanyere ameuliza katoni hii ina nini. Nimemwambia ni sabuni. Amenitendea wema mkubwa, nisingependa aumie moyo mapema.