Gari la Mkwe Wangu Limekauka Giaboksi kwa Ushauri Wenu

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa magari,

Salamu nakupa, ingawa hustahili. Mimi ni bibi wa wajukuu sita. Shule niliishia darasa la nne, lakini kusoma nasoma, na gazeti lako nalimaliza mpaka matangazo ya vifo.

Wiki iliyopita mliandika jinsi ya kubadilisha oili ya giaboksi nyumbani, bila fundi, bila jasho. Gari la mkwe wangu, karani wa posta, lilikuwa linakoroma kila akiingiza gia ya tatu, akaona alitengeneze uani kwangu kabla ya kunipeleka hospitali. Jumatatu natolewa mtoto wa jicho, miadi niliyoingoja miezi saba. Basi yeye akalala chini ya gari, mimi nikakaa kwenye kigoda nikimsomea gazeti. Akafungua boliti ya chini, oili yote ikamwagika, nyeusi kama masizi. Akageukia ya juu, ya kujazia oili mpya. Haijafunguka hadi leo. Gari halina oili ya zamani wala mpya, na haliendi kokote.

Nalalamika hivi:

1. Kwa nini hamkusema boliti ya juu ijaribiwe kwanza? Hata mimi nisiyejua kushika spana, simwagi maji ya ndoo kabla sijaona kama bomba linatoa.

2. Siku ya nne leo mkwe yuko chini ya gari, shati limepanda, kitovu hadharani. Na mimi ni mama mkwe! Nikienda bombani naanza kukohoa tangu mlangoni, apate kujifunika. Nimekohoa mpaka jirani kaniletea dawa.

3. Nikimwambia tuite fundi, ananijibu kutoka huko chini, "Bado kidogo tu, mama." Hiyo kidogo yake imeshavunja spana mbili, na kichwa cha boliti kimekuwa mviringo kama yai.

4. Kwa hiyo njoo mwenyewe, ulale pale na suruali yako ya ofisini, uifungue. Ukishindwa, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi uwe mlangoni kwangu, unibebe mgongoni hadi hospitali. Mimi si mzito. Ila kwenye mlima usianze kukoroma na wewe.

Wasalimie wapiga chapa, wauza magazeti, na mama yako mzazi, maana yeye hana kosa.

Mimi niliyekasirika kwa adabu,
Bibi mwenye gari bovu uani

Nyongeza (hii usiichape): Fundi nimemwita mwenyewe, kaifungua kabla chai yake haijapoa, kwa hiyo mgongo wako siuhitaji. Ila mjukuu wangu amenisomea upya lile gazeti. Mstari wa kwanza kabisa, kwa herufi nene, unasema boliti ya juu ifunguliwe kwanza. Mimi nilianzia wa tatu. Mistari ya juu yake jicho langu liliona ukungu tu. Mkwe hajui. Nakuomba, mwanangu, andikeni kwamba mlikosea, muombe radhi. Ninyi wasomaji mnao wengi. Mimi mkwe ninaye huyu mmoja.