Nota Tatu, Nafasi ya Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza kuuingiza wimbo wa mama mkwe kwenye kompyuta. Wiki sita! Aliutunga mwenyewe akimbembeleza mke wangu alipokuwa mchanga, na haujawahi kuimbwa nje ya nyumba. Uko kwenye daftari moja tu, na daftari lenyewe linachanika. Jumapili hii kwaya aliyoifundisha miaka thelathini itamuaga kwa wimbo huo. Kesho yake anahamia kwa shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye nyumba ya vyumba vinne. Sisi tunavyo viwili. Amesema haondoki mpaka ausikie.

Nitafurahi kupata chumba. Kinanda changu kitakaa pale kilipo kitanda chake. Nimeshapima. Nilipima mara mbili, maana mara ya kwanza alikuwa amejipumzisha na sikutaka kumwamsha.

Neno "mwanangu" linarudi mara kumi na nne. Kila mara ni nota tatu zilizobanwa kwenye nafasi ya mbili: mwa-na-ngu. Programu yangu ilikataa kuzibana, nikaipiga chenga. Nimeandika nota tatu za kawaida, nikakirefusha kipimo, kile kisanduku cha mapigo, kwa siri ili zienee, nikaificha alama yake, na juu nikachapa namba 3 kama mtu anayechapa barua. Kwenye karatasi huwezi kujua. Juu kabisa, kwa herufi nene: Umepangwa na, kisha jina langu. Jina la mtunzi liko chini yake, herufi za kiasi.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji ndiye atakayepiga kinanda Jumapili. Ana programu nyingine, ya watu wanaojiona. Nilimtumia faili asubuhi. Saa nne akapiga simu, akauliza kwa ule upole wake kama huu ni wimbo wa kubembeleza au wa gwaride. Kwake vipimo vimefurika. Alama za kunyamaza zimejipenyeza katikati ya neno, "mwa" iko ukurasa wa kwanza, "nangu" iko wa pili. Zile 3 zangu zote kumi na nne zimekimbilia chini ya kichwa cha wimbo na kujipanga foleni kama namba ya simu. Akasema ameipiga, haipatikani.

Nikamwambia kosa ni la programu yake. Akasema faili za watu wengine zinafunguka vizuri. Nikamwambia basi ni mtandao.

Jumatano, 5 Machi
Nimemtumia faili ileile kwa jina la "Ya mwisho". Halafu "Ya mwisho kabisa". Halafu "Hii ndiyo". Hakuna kilichobadilika ila majina.

Mchana, mazoezi. Balaa. Mtunza ukumbi alikuwa amechapisha nakala kutoka kompyuta ya shemeji. Kwaya wakaimba kilichoandikwa, kwa utii mkubwa: "mwa", kimya, "nangu". Kina mama wa sauti ya kwanza wakaangua kicheko. Mzee wa besi akauliza kama mtoto anabembelezwa au anatishwa.

Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma. Hakucheka. Njiani akasema polepole kwamba huenda ule ulikuwa wimbo wa nyumbani tu, tusiwasumbue watu. Nilitamani anigombeze.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekiri. Nilimwambia mama mkwe kwamba kosa ni langu, kwamba zile 3 ni pambo tu. Akavuta kiti karibu na kompyuta. Akasema kwenye daftari hakuwahi kuandika 3 yoyote, aliyekuwa akiimba alikuwa anajua. Kisha akagonga meza, mkono wa kushoto mara mbili, wa kulia mara tatu, yote ndani ya muda uleule, akitamka "mwanangu". Mimi nilipojaribu, mikono yangu ikagombana. Akasema siri yake ni kwamba kila nota inakubali kujipunguza kidogo, ndiyo maana zote tatu zinaenea. Akasema kama sisi kwenye nyumba hii.

Nikajifanya natafuta miwani.

Nilimeza kiburi, nikampigia shemeji. Akanielekeza bila kucheka, jambo lililoniudhi zaidi. Unachagua nota ya kwanza, unaiamuru programu "tatu kwa nafasi ya mbili", ndipo unaandika. Hapo ndani ya faili panaandikwa maagizo ambayo programu yoyote itayasoma. Namba yangu ilikuwa maandishi tu. Ilisomeka kwa macho ya watu, si kwa programu.

Nimerekebisha kumi na moja. Nikaacha. Kichwa kilikuwa kinaniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Zilizorekebishwa ni zilezile kumi na moja. Nilimweleza mke wangu kwamba tatu zilizobaki zina ubishi. Akanitazama. Akauliza kama hesabu yangu ni kwamba wimbo usipokamilika, mama hahami. Nikasema huo ni upuuzi, mimi chumba nakihitaji, nimekipima. Akasema sanduku la mama ambalo linatafutwa tangu Jumanne, amelificha yeye. Liko chini ya kitanda chetu.

Tulicheka. Halafu tukalia kidogo, kila mtu akiangalia upande wake. Akasema mama ana haki ya kuusikia wimbo wake kabla masikio hayajachoka kama macho. Kweli.

Zile tatu zilinichukua dakika nne. Shemeji akajibu kwamba zimefunguka zote kumi na nne, na kwamba jina langu lilikuwa kubwa kuliko la mama, amelipunguza. Huyu mtu!

Jumapili, 9 Machi
Wameuimba. "Mwanangu" kumi na nne, hakuna hata moja iliyochechemea. Mama mkwe alifumba macho, midomo ikifuata. Mke wangu alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Shemeji alipiga vizuri. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Baadaye mama mkwe akanijia. Miaka kumi na moja ananiita "mkwe". M-kwe, silabi mbili. Leo alisema asante, mwanangu. Tatu, mahali pa mbili, na zikaenea. Sikuwa na leso. Shemeji akaniazima yake.

Mama mkwe akatutangazia pia kwamba kwa shemeji anakwenda wiki mbili tu. Kule nafasi ni kubwa mno, hapati usingizi. Kitanda chake kisiguswe.

Jumatatu, 10 Machi
Ameondoka asubuhi. Sanduku "limepatikana". Nyumba imekuwa kubwa ghafla, sijui kinanda nikiweke wapi, nimekiacha kilipokuwa.

Ameniachia daftari. Ukurasa wa mwisho kuna wimbo mwingine! Nataka aukute tayari atakaporudi. Huu una nota tano zilizobanwa kwenye nafasi ya nne. Programu imekataa. Si neno. Nimeandika tano za kawaida, nikakirefusha kipimo kwa siri, na juu nikachapa 5. Kwenye karatasi huwezi kujua.

Nimeshamtumia shemeji.