Jozi Arobaini za Mataya

Jumatatu, Juni 3
Balaa! Shemeji ameagiza rafu yangu iondolewe. Shemeji ni kaka wa mke wangu na, kwa bahati mbaya, meneja wa karakana. Rafu ina jozi arobaini za mataya ya jiliwa, kile kibanio cha kushikia chuma. Alumini, laini. Kwa kila kazi mpya nachonga mataya yenye umbo la kipande chenyewe, ili jiliwa likishike barabara mashine inayoongozwa na kompyuta ikikichonga. Kazi ikiisha, kipande kinakwenda zake. Umbo lake linabaki kwangu. Miaka ishirini na miwili ya maumbo! Shemeji anasema ni takataka, Ijumaa zinakwenda kuyeyushwa. Bibi Stoo, mtunza vifaa wetu, ameshapima nafasi ya rafu apange madumu yake. Alipima huku anaimba!

Jumanne, Juni 4
Nimepata hila. Imekuja oda ya vifuniko vya pampu. Nikamwambia Shemeji hakuna haja ya kuchonga mataya mapya, jozi namba kumi na saba inatosha, tutaokoa siku nzima. Akanikazia macho, akasema haya, tuone. Jozi moja ikifanya kazi, rafu nzima imepona! Nimejaribu kipande. Kinacheza kidogo. Si neno. Nimekata ubavu wa kopo la soda, nikauchomeka katikati, nikakaza mpaka bega likalia. Mtu asijue.

Jumatano, Juni 5
Sitaki kuandika. Mashine ilikwenda vizuri sekunde tisa. Kisha mlio, kipande kikachomoka, kisu kikavunjika, kioo cha mlango wa mashine kikapata ufa. Shemeji akaokota kile kibati, akasoma maandishi ya soda kwa sauti, akauliza kama huo ndio ufundi wa miaka ishirini na miwili. Bibi Stoo akauliza kama bado nina kiu. Njia ya mwongo fupi. Yangu sekunde tisa.

Alhamisi, Juni 6
Hila ya pili: kuyahamishia nyumbani. Jozi tatu kwenye mkoba wa chakula, taya moja kila mfuko wa suruali. Ikanishuka getini kwa uzito. Mlinzi aligeuka kutazama pembeni, Mungu ambariki.

Jioni mke wangu alikuwa anafagia chini ya kitanda, ufagio ukagonga mataya. Nikajua leo nimekwisha. Akatoa jozi moja, akakaa nayo kitandani, akapitisha kidole ndani ya lile umbo. Namba moja! Enzi hizo alikuwa mkaguzi wetu, koti la buluu, maikromita mfukoni, kalamu sikioni. Karakana ilinukia mafuta na chai, na mimi nilikuwa na nywele. Kipande changu cha jozi hiyo alikikataa mara tatu. Mara tatu nikapata sababu ya kusimama mbele ya meza yake. Nikamwambia ndiyo maana siwezi kuyaacha, naikumbuka mno siku ile.

Akacheka mpaka akajifuta macho. Akasema kipande kile kilikuwa sawasawa tangu mara ya kwanza.

Kumbe! Nimeoa mkaguzi mwongo! Nikajaribu kukasirika, ikashindikana. Tumekaa pale mpaka mboga ikaungua.

Ijumaa, Juni 7
Nimeyapandisha kwenye lori mwenyewe. Yote, hata namba moja. Mke wangu alisema mchongaji anaye ndani, mataya ya nini tena. Machozi yalinitoka, nikamwambia Bibi Stoo ni vumbi. Akanipa leso yake na wala hakucheka. Nimeapa: yaliyopita si ndwele. Kuanzia leo mimi ni mtu wa mbele. Shemeji akanipiga begani, akasema hatimaye nimekua.

Jumamosi, Juni 8
Nimeamka mwepesi. Nimepita mbele ya madumu ya Bibi Stoo bila kununa. Fundi mpya kabisa!

Saa nne Shemeji akatangaza kwamba wanaiondoa ile mashine kuukuu ya pembeni, ya kuzungusha kwa mkono. Niliyojifunzia kazi! Marehemu mwalimu wangu alinifinya masikio mbele yake! Shemeji anasema mwenye kuweza kuibeba, ni yake. Tani moja na robo.

Mke wangu yuko kwa dada yake mpaka kesho jioni. Nimepima mlango wa sebule. Umepungua shubiri moja tu. Na ukuta wenyewe ni matofali.

Nimeshaazima nyundo.