Rubisi ya Kupeleka Rubondo

Jumatano, 4 Juni

Mama kaongea leo. Tulikuwa uani tunapukuchua maharage, mimi, yeye na mke wangu Selestina. Akasema kiangazi hiki anataka kupaona kwao. Kwao ni Rubondo, kisiwani. Alizaliwa huko kabla hakujawa hifadhi, akahamishwa pamoja na watu wake akiwa binti mdogo. Kaburi la mama yake likabaki msituni, karibu na maji. Siku hizi wanaolitembelea ni sokwe. Anataka kumwagia pale rubisi kidogo, pombe ya ndizi zake mwenyewe, amwambie mama yake kwamba alizeeka salama. Basi. Hataki kingine.

Machozi yalinitoka. Kisha nikapata wazo, yakakauka.

Kwa nini mama yangu aende kimyakimya kama anayefuata vidonge zahanati? Jirani yetu Kazimili aliwapeleka wanawe Mwanza mwaka jana, na mpaka leo picha amezibandika dukani kwake, wote wamevaa fulana za njano. Kijiji kizima cha Nyantakara kinanunua chumvi huku kinamtazama Kazimili akicheka. Sisi tutaenda hifadhini! Msitu, ziwa, sokwe, tembo! Fulana zetu zitakuwa za kijani. Mimi nitakuwa Mratibu Mkuu.

Mama akauliza kama fulana ni lazima. Nikamwambia aniachie mimi.

Ijumaa, 6 Juni

Nimepiga simu hifadhini. Dada aliyepokea ana adabu sana. Akasema nimlete tu bibi siku yoyote, tuwahi Kasenda asubuhi, boti ipo. Kibuyu kimoja cha kumkumbuka marehemu hakina shida, tumweleze askari atakayetusindikiza. Nikamuuliza tutapokelewa na kiongozi gani. Hakuelewa swali.

Nimechimba shimo la kuivishia ndizi. Mama alisimama juu yangu na fimbo yake, akinielekeza. Ongeza kina. Tandika majani. Si hayo, yale. Mgongo umekwisha! Halafu akanionya kwamba rubisi haina subira, ikiwa tayari iko tayari, ukichelewa inachacha. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, kisiwa hakiendi popote.

Ijumaa, 13 Juni

Juzi nilizikanyaga ndizi kwa nyasi mpaka miguu ikafa ganzi. Leo rubisi iko tayari. Mama ameonja, akafumba macho, akasema hii ndiyo yenyewe. Nilijisikia mtoto mwema.

Ndipo akatokea Kazimili. Akampa mama shikamoo, akaketi bila kukaribishwa. Akasema kesho gari lake linakwenda Muganza kuchukua dagaa, na kutoka pale Kasenda si mbali. Mama atakaa mbele, mimi nitakaa popote. Mama akainuka haraka, nikasikia anafungua sanduku kutafuta kitenge chake kizuri.

Nikakataa! Mama yangu afike hifadhini ananuka dagaa? Kwenye gari la Kazimili, ili kesho kutwa na sisi atubandike dukani? Tena fulana hazijafika. Nikamshukuru kwa sauti ya baridi.

Mama akarudisha kitenge sandukuni. Selestina hasemi nami tangu mchana.

Jumatatu, 16 Juni

Fulana zimefika. Za pinki! Fundi wa Biharamulo mjini anasema za kijani ziliisha. Kifuani kachapa simba. Mama akamtazama yule simba kwa muda, akasema kwao hakukuwa na simba. Ya kwake imeandikwa MGENI RASMI. Yangu, MRATIBU MKUU, inanibana kitambi mpaka simba anaonekana kama anapiga miayo.

Rubisi imechacha. Mama mwenyewe aliibeba akaimwaga kwenye mashina ya migomba. Bora angenigombeza.

Baadaye akanyoosha fimbo kwenye mikungu mingine iliyokomaa. Nikachukua panga.

Jumatano, 25 Juni

Rubisi ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Ilikuwa.

Niliona safari kubwa haiwezi kuanza bila uzinduzi. Kazimili hakufanya uzinduzi! Nikamwalika mwenyekiti wa kitongoji na wanakwaya. Nikatangaza kwamba kila mtu ataonja tu, nusu kikombe. Mwenyekiti akasema kuonja mara moja hakumpi mtu uhakika. Wanakwaya wakakubaliana naye. Nilitoa hotuba ndefu juu ya utalii wa ndani, na kila nilipotua kuvuta pumzi walipiga makofi na kujimiminia.

Mama alikaa kwenye kigoda amevaa pinki yake, anacheka na watu. Alifurahi, nitakula kiapo. Walipoondoka akaniuliza kama kuna iliyobaki ya kupeleka. Nikatikisa dumu. Nikalitikisa tena, sijui kwa nini.

Akasema si kitu, ndizi bado zipo.

Jumatatu, 30 Juni

Miguu ya mama imevimba. Tumempeleka kituo cha afya, daktari anasema ni moyo, umechoka. Kampa dawa na kumwambia apumzike.

Shimo la tatu nilishalichimba Alhamisi. Mama alinielekeza akiwa dirishani, sauti ndogo, mpaka Selestina akawa anapokea maneno na kunifikishia. Leo usoni amekonda. Aliniita akasema Pius, mwanangu, hizo fulana wavae wengine, mimi nipakie tu kwenye gari la dagaa. Nikacheka. Nikatoka nje nikalia nyuma ya choo.

Ijumaa, 4 Julai

Rubisi ya tatu iko tayari. Na leo nimejishinda! Kazimili amekuja na gari, kiti cha nyuma katandika godoro la nyumbani kwake, shuka safi, mto. Gari ameliosha, halinuki. Mimi, Mratibu Mkuu, nikakubali.

Niliomba jambo moja dogo. Twende kesho badala ya leo, maana Elick mpiga picha leo yuko kwenye harusi Nyamahanga. Mama avuke ziwa kurudi kwao bila picha hata moja? Kazimili akamtazama mama. Mama akasema sawa, kesho. Kazimili akasema godoro atalilaza humohumo garini.

Mama kaweka kitenge chake juu ya kiti, tayari. Dumu liko mlangoni. Nina furaha ya ajabu.

Jumamosi, 5 Julai

Gari lilipiga honi asubuhi. Mama alikuwa ameshafariki. Selestina alimkuta alfajiri, alipompelekea uji.

Elick naye alikuja na kamera yake. Nikamwambia arudi nyumbani.

Jumatatu, 7 Julai

Tulimzika jana, na kitenge chake. Kaburi walichimba Kazimili na wanawe, sikuwaomba. Mwenyekiti alisoma wasifu, akasema marehemu alizaliwa Nyantakara. Sikusimama kumsahihisha. Nilishindwa hata kutoa neno la shukrani, mimi niliyekuwa na hotuba ya kila kitu. Mama yangu hayupo. Naandika hivi na bado nasikiliza fimbo yake uani.

Leo jioni Kazimili akaja. Akasema kesho gari linakwenda Muganza, na rubisi ya mama bado ipo. Twende mimi na yeye, dumu katikati. Tukammwagie yule bibi kisiwani, tumwambie binti yake alizeeka salama, sasa yuko njiani anakuja. Nililia begani kwake kama mtoto. Ni mtu mwema, Kazimili, naandika hapa kwa kuwa hatasoma.

Nikanusa dumu. Rubisi imeanza kuwa kali, lakini bado haijachacha.

Ndipo nikafikiri. Kesho? Watu wawili tu, kwenye gari la dagaa? Mama yangu huyu? Hapana. Anastahili safari kamili. Tutakwenda baada ya arobaini, kwaya nzima, fulana nyeusi zenye picha yake. Fundi nimeshampigia, anasema nyeusi zipo. Nikamwambia Kazimili asiwe na haraka, kisiwa hakiendi popote.

Alilitazama dumu, akanitazama mimi, akavaa kofia yake akaondoka. Selestina aliingia ndani akafunga mlango.

Nimechimba shimo jingine. Hakuna aliyesimama juu yangu. Sijui hata kama kina kinatosha.