Stendi ya Bati Yenye Mguu Mfupi

Jumatano, 22 Januari

Mama Remedios, kiongozi wa kundi letu la ngoma, ameamua. Jumapili mimi na Fermín, mpiga picha mwenzangu, tutawapiga picha wachezaji themanini kwenye ngazi za kanisa. Mwenye picha nzuri anapata kazi ya picha za kundi mwaka mzima. Mke wangu Nilda naye ameamua: nikishindwa, kamera inauzwa, Jumatatu naanza kazi ya matairi kwa kaka yake. Matairi! Mimi!

Tatizo ni mikono. Haitulii. Bibi harusi wa mwezi uliopita alitoka na pua mbili. Fermín ana stendi ya kamera, nyepesi, miguu mitatu, na maringo juu yake.

Nimekwenda dukani kuchagua yangu. Nimevuta miguu, nimekaza skrubu, nimezungusha vichwa, nimeziegemea. Stendi saba. Mwenye duka akauliza, baba, unanunua au unazikanda? Nikamwambia nafikiria. Ninunue ya nini, na keshokutwa ni sikukuu ya Alasitas? Unanunua kitu kidogo cha mfano, kinabarikiwa saa sita kamili mchana, kikubwa chake kinakuja chenyewe. Mama mkwe alinunua friji ya ukubwa wa kidole, ya kweli ikafika kabla ya kanivali. Nilda anasema ilitumwa na dada yake aliye Uhispania. Hayo ni maelezo tu.

Ijumaa, 24 Januari

Vibanda vyote vya sikukuu ni nyumba, magari, masanduku ya safari ya mfano. Stendi hakuna. Nimezunguka mara nne, nimekanyaga watu. Saa sita kasoro dakika tano nikaipata katikati ya visufuria, ya bati, kama kidole gumba. Mguu mmoja mfupi. Nikamwonyesha muuzaji. Akaniuliza kama mimi mwenyewe nimenyooka. Nikachukua. Mganga wa pale sokoni akaifukiza, akainyunyizia pombe na maua, saa sita kamili.

Nyuma yangu kwenye foleni, Fermín. Amenunua mkataba mdogo wa karatasi, kama stempu, na mhuri wake. Nimecheka. Mtu mzima, anategemea karatasi.

Jumamosi, 25 Januari

Imekuja! Shemeji wa matairi kaiokota kwenye vyuma chakavu. Kubwa, nzito, ya kweli. Nimemwita Nilda aje aione.

Jioni nimeichunguza. Miguu miwili imeshika kutu, haipandi haishuki. Wa tatu ni mfupi kwa vidole vinne. Nimetoa ile ndogo mfukoni. Mguu ule ule. Nimepima mara tisa.

Jumapili, 26 Januari

Fermín akaniambia, kaka, huo mguu mfupi uweke ngazi ya juu, itasimama sawa. Wema wa Fermín? Mtego. Nikauweka ngazi ya chini.

Nina picha moja: viatu kumi na mbwa. Baada ya hapo kamera ilishuka ngazi peke yake. Sasa hata kuuzwa haiuziki. Mama Remedios akatia saini mkataba wa Fermín palepale. Akasema, Abundio, wewe hata ukigongomelewa misumari hutulii. Watu themanini wakacheka. Imeniuma sana.

Jumatatu, 27 Januari

Nimetoroka matairi saa saba. Kosa nimeliona: mfano ulikuwa mbovu. Nimeazima tupa, nimeipunguza ile ya bati, miguu yote mitatu sasa ni sawa. Nilda akasema kaka yake ana msumeno wa chuma, si niikate hiyo kubwa yenyewe, dakika tano tu? Nimemwambia shida yake hana subira.

Nimekaa mbele ya stendi kubwa. Tangu saa nane nimeipima mara sita. Miguu miwili bado mirefu.